Chupa Iliyokwama Miguuni Pangu

Haya, nitawasimulia, lakini mkicheka mcheke kwa adabu, maana aibu hii bado haijapoa, na kuna siku niko zangu nashona, mguu uko kwenye pedali, inanijia tu ghafla najikuta nimefumba macho na kuuma meno mpaka mteja ananiuliza kama nimejichoma sindano. Sijajichoma. Nimekumbuka divai ya Wareno.

Mimi mnanijua, Deo fundi cherehani wa Bellevue, hapa Johannesburg, nashonea barazani kwenye ile nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba vyumba mpaka hata palipokuwa jikoni kuna mtu analala, na hilo baraza natumia pamoja na Mama Neema wa Uvira, yeye anasuka nywele upande wa dirisha, mimi niko upande wa ngazi. Watu wanapita kutwa nzima. Nasalimiwa kuliko mgombea wakati wa kura. Lakini ukiniuliza kati ya wote hao ni nani aliyewahi kuniambia njoo kwangu, kaa, kula, nitainamisha kichwa nijifanye natunga uzi. Mke wangu na watoto wako Bujumbura, tunaongea kwa simu Jumapili, na kadiri miaka inavyokwenda maongezi yanazidi kuwa mafupi, watoto wanasema "papa, uko salama?" halafu haraka haraka simu inarudi kwa mama yao. Sisemi haya mnionee huruma. Nasema ili muelewe ilikuwaje mtu mzima mwenye mvi akafanya nilichofanya.

Nilikuwa na mteja mmoja, Mzee Alvaro, Mreno wa kule Bez Valley, ukishuka tu kilima hiki umefika kwake. Alifiwa na mkewe, akakonda, nguo zote zikawa zinamning'inia, kwa hiyo kila mara analeta koti au suruali nimpunguzie. Akileta haondoki. Anakaa kwenye benchi la wateja tunaongea Kiingereza chetu, chake cha Kireno na changu cha Bwiza, mtaa wetu kule Bujumbura, na tunaelewana vizuri tu. Siku moja akanionyesha kwenye simu picha ya shamba la zabibu alikotoka mkewe, shamba la namna hiyo wao wanaliita kinta, na jamani, nilishika ile simu nikasahau kuirudisha. Vilima vimesimama, vimekatwa ngazi ngazi kwa mawe kutoka juu mpaka chini kwenye mto, na nyumba moja nyeupe katikati. Nikamwambia, mzee, hapa ni kwetu. Ondoa zabibu weka migomba, hapa ni Burundi.

Akanionyesha nyingine, wanaume na wanawake ndani ya birika la mawe, wameshikana mabega, wanakanyaga zabibu kwa miguu mpaka magoti yamekuwa ya zambarau. Hapo ndipo niliposimama kabisa kwenye cherehani. Nikamweleza kwamba na sisi ndizi tunazikamua hivyohivyo, kwa majani na mikono, na kuna sehemu wanakanyaga, kwa ajili ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na nyimbo zake zipo. Mzee akacheka mpaka akafuta macho. Akanifundisha kwamba hiyo divai yao, porto, wanaiwahi kabla haijamaliza kuchacha, wanaimiminia pombe kali, basi sukari inakwama humo ndani na kinywaji kinabaki kitamu na kikali kwa pamoja. Kuna ya kukaa kwenye mapipa mpaka inakuwa ya kahawia na ladha ya karanga. Na kuna ile ya mwaka mzuri, inatiwa kwenye chupa ikiwa changa, inalazwa gizani, inaachwa. Akaniambia, "Deo, kuna chupa zimelala zinamsubiri mtu ambaye hajazaliwa." Nikaipenda sentensi hiyo, nikawa nairudia moyoni nikiwa napiga pasi.

Basi akaja kuchukua koti lake akasema Jumapili niende kwake, chakula cha mchana, wanakutana marafiki kila mwezi wanakula na kuonja porto, safari hii ni siku kubwa kidogo na angependa niwepo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Usiku huohuo nikaanza kujishonea koti.

Mama Neema hakufurahi. Aliniambia, "Weye Deo, unaacha ibada unaenda kunywa pombe kwa wazungu?"

"Si pombe, ni divai. Hata Yesu alikunywa arusini."

"Yesu alikuwa anajuana na wenye arusi," akasema, akaendelea kusuka.

Nilishuka kilima Jumapili na koti jipya, viatu vinang'aa, moyo unapiga kama naenda kuposa. Mezani walikuwa wazee wachache, wote Wareno isipokuwa Mwingereza mmoja mwembamba aliyefanya kazi ya kuuza divai maisha yake yote, na Tereza, binti yake Mzee Alvaro, ndiye aliyepika. Na mimi nikawekwa wapi? Kushoto kwa mwenye nyumba, bega kwa bega. Nikasema moyoni, Deo, leo umekuwa mtu.

Tulikula samaki wa chumvi na viazi, nikaulizwa habari za kwetu nikajibu, nikachekesha watu mara mbili (walicheka kweli, si kwa huruma, nilichunguza). Halafu Mzee Alvaro akaleta chupa. Haikuwa na karatasi yoyote, nyeusi tii, ina doa la chokaa ubavuni. Tereza akasema imeshachujwa asubuhi kwa kitambaa, mashapo yametolewa, ikarudishwa kwenye chupa yake. Mzee akasimama akasema maneno kwa Kireno, taratibu, na wenzake wote wakawa wanaangalia sahani. Mimi nikajua ni sala. Nilivyoona amenyamaza nikasema "amina" kwa sauti. Nilikuwa peke yangu kusema, lakini sikujali, Wakatoliki wana mambo yao.

Akammiminia Mwingereza aliyekuwa kulia kwake, akajimiminia na yeye, akaonja, akafumba macho muda mrefu. Kisha akaichukua ile chupa, kwa mkono wake mwenyewe, akanigeukia, akanipa.

Sasa subirini kidogo, kwa wale ambao hamjafika kwetu. Burundi kinywaji hakitolewi kimyakimya kama unampa mtu chumvi. Mwenye nyumba anaonja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu, halafu anakukabidhi chupa kwa mkono wake, na ikishakufikia ni yako, umeheshimiwa, unasimama unatoa maneno ya shukrani, na usipotoa maneno watu watasema huyu alizaliwa wapi. Na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba hawa watu ni sisi. Wana vilima kama vyetu, wanakanyaga kama sisi, mzee ameonja kama kwetu, amenipa mkononi kama kwetu. Mngekuwa ninyi mngefikiri nini?

Nikasimama. Nikavuta koti. Nikasema kwamba tangu nifike Johannesburg nimeshona nguo za watu wengi wa kwenda kwenye sherehe na sijawahi kuona sherehe yenyewe ikoje, na kwamba leo mzee huyu amenikalisha ubavuni kwake na kunipa chupa mbele ya watu wake, jambo ambalo kwetu anafanyiwa shemeji au mtu wa ukoo, na kwamba sina zawadi ila mikono yangu, basi nguo zenu zote zikichanika nileteeni. Wakapiga makofi. Mwingereza akapiga makofi kidogo kidogo. Mimi macho yalikuwa yameloa, sioni vizuri, nikamimina glasi yangu nikanywa, na sitawadanganya, ilikuwa na utamu wa tende na kitu kama moshi wa mbali na joto linaloshuka polepole mpaka tumboni, nikatamani kila mtu niliyewahi kumpenda aonje. Halafu nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, mezani kulikuwa kumejaa jibini na mikate, basi nikachukua chupa nikaisimamisha chini, katikati ya viatu vyangu, pale mtu mwenye heshima zake anapoweka alichopewa.

Meza nzima ikanigeukia.

Nikadhani maneno yangu yamewaingia. Wazee wameshika glasi tupu, wanazungusha tu. Yule aliyekuwa kushoto kwangu akaniangalia miguuni, nikafikiri amependa viatu. Baadaye Mwingereza akakohoa akaniuliza, kwa upole mno, "Bwana Deo, unamfahamu askofu wa mji fulani?" akataja mji wa huko kwao Uingereza.

Nikasema huyo simfahamu, ila namfahamu askofu wetu, wa kanisa letu kule mjini, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa duka la fanicha, na kwa kuwa nimeulizwa habari za askofu nikaona huyu mzee ni mcha Mungu, nikamweleza vizuri, alivyoanza na watu wachache chumbani Hillbrow, anavyohubiri kwa Kiswahili na Kifaransa pamoja, mkewe anavyoimba.

Mwingereza akasikiliza yote. Akasema, "Huyo wa kwetu ni mtu mwema sana. Ila anasahausahau. Kitu kikimfikia, anasahau kukipitisha."

"Pole yake," nikamwambia. "Wa kwetu hasahau kitu, hasa kikapu cha sadaka."

Mzee mmoja akainama akawa kama amepaliwa. Tereza akasimama ghafla akaenda jikoni. Na mimi, ndugu zangu, nikaona mazungumzo yamenoga, nikainama, nikajimiminia glasi ya pili, nikairudisha chupa palepale. Hakuna aliyeniomba hata tone. Nikawasifu kimoyomoyo kwamba wanajua kuheshimu cha mgeni, maana hata kwetu unasubiri mpaka mwenye chupa akuite, na mimi nilikuwa na mpango wa kuwaita, lakini nikawaza hii ni zawadi, ukianza kuigawa palepale mbele ya aliyekupa ataona umeidharau.

Jua lilivyoanza kushuka nikaaga. Na chupa? Nilitoka nayo, nimeikumbatia ndani ya koti kama mtoto mchanga. Mzee Alvaro alinisindikiza mpaka getini. Akaiangalia chupa. Akafungua mdomo, akaufunga, akanishika bega akasema, "Isimamishe wima, usiilaze." Nikasema sawa mzee, na nikapanda kilima nikiimba.

Chumbani niliiweka juu ya rafu peke yake, nikaondoa hata Biblia na dawa ya kikohozi kuipa nafasi. Nikaipiga picha nikamtumia mke wangu. Akaandika: nzuri, umeinywa na nani? Nikamjibu, na rafiki zangu. Nikakaa kitandani nikalitazama hilo jibu. Kwa sababu chupa ilikuwa bado imejaa zaidi ya nusu, na kwetu chupa ya heshima hainywewi na mtu mmoja mlango umefungwa, hiyo ni tabia ya mlevi, unaita watu. Basi nikaanza kutafuta watu. Mama Neema ameokoka, hagusi. Kuna Mtanzania wa chumba cha juu, ni mlinzi wa usiku, mimi nikifunga kazi yeye anatoka. Watu wa kanisa nitawaambiaje nilikuwa wapi Jumapili? Kila jioni nikawa nafunga cherehani, naingia, naitazama, naiambia kesho. Sijui kama mmewahi kuwa na kitu kizuri mkononi mkakosa mtu wa kukila naye. Kinauma kuliko njaa yenyewe.

Jumamosi Tereza akaja barazani. Alikuwa ameshika blauzi ambayo haikuwa na tatizo lolote, akaigeuza geuza, halafu akasema, "Deo, baba hajui kama nimekuja. Ile chupa bado ipo?"

Nikamwambia ipo, naitunza, imesimama wima.

Akashusha pumzi, akanieleza. Na alinieleza pale pale, Mama Neema anasikiliza, mteja wake mwenye kichwa kilichosukwa nusu anasikiliza, kijana wa kuuza nyanya amesimama ngazini anasikiliza. Kwamba kwenye meza ya porto chupa huzunguka. Ukipewa, unamimina kidogo, unampa wa kushoto kwako, haisimami mpaka imerudi kwa mwenyewe. Na kwamba ikikwama kwa mtu ni mwiko kumwomba, unamuuliza tu kama anamfahamu yule askofu, naye anajua amesahau, anaipitisha.

Mama Neema alicheka mpaka kitana kikamdondoka. "Na weye ukawahubiria!" akasema. "Deo, uliwahubiria wazee wa watu, koo zimekauka!" Mteja anacheka, muuza nyanya anacheka, na mimi mikono imeshika blauzi ya Tereza sijui niifanye nini. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Nikakumbuka kila kitu kwa mpigo, makofi madogo madogo, glasi tupu, kikapu cha sadaka, ee Mungu wangu, kikapu cha sadaka.

Tereza hakucheka. Akasema ile chupa ilitoka kwenye kinta alikozaliwa mama yake, babu yake mzaa mama alikuwa mfanyakazi pale, akapewa chupa hiyo wakati binti yake anaolewa. Wakahama nayo nchi baada ya nchi. Ilikuwa ya mwisho. Siku ile ulitimia mwaka tangu mama yake, Fatima, azikwe, na baba alisema waliompenda Fatima wote wamnywee pale mezani, kila mtu kidogo. Yale maneno ya Kireno ndiyo hayo. Mwingereza alipata, Mzee Alvaro alipata, na mimi nilipata glasi mbili.

Mama Neema akaacha kucheka. Akaokota kitana akarudi kwa mteja wake.

Sikumaliza hata kuaga. Nilishuka kilima na chupa nimeifunga kwenye kitambaa cha suti, nikamkuta Mzee Alvaro yuko peke yake jikoni, redio inaongea. Nikaiweka mezani. Nikasema, "Mzee, nimeiba kinywaji cha marehemu mkeo."

Akaiinua kwenye mwanga, akamimina tone kwenye glasi, akanusa, akaonja. Akatingisha kichwa. "Imekufa," akasema. "Ya zamani namna hii ikishafunguliwa ina siku moja, mbili. Kwa nini hukuinywa?"

"Nilikuwa nasubiri watu."

"Watu gani?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kabisa, nikapitisha sura zote ninazozijua Johannesburg, na sikuwa na jina hata moja la kumpa. Naona mzee akaelewa, maana alivuta kiti akanisukumia.

Nikamuuliza basi kwa nini na yeye hakuniomba pale getini, mambo yangekwisha. Akasema ile habari ya askofu wala si yao, ni ya Waingereza waliokuwa wananunua divai, baba mkwe wake shambani alikuwa anakunywa kwa kikombe cha bati na akiitaka chupa alikuwa anasema nipe. "Ningekuomba," akasema. "Lakini uliposimama ukasema yale maneno, mezani pale hapakuwa na mtu mwenye furaha kama wewe. Fatima angenigombeza kama ningekunyang'anya."

Nililia, siwafichi. Fundi mzima kwenye jiko la mtu. Yeye akaleta glasi nyingine, akatumiminia ile divai iliyokufa, ilikuwa imebaki kama maji ya tende zilizosahaulika, tukainywa yote polepole mpaka tone la mwisho, na kila mara akimaliza kumimina alikuwa ananipa chupa, na mimi naipokea, namimina, namrudishia upesi.

Mezani kwa wale wazee sijaitwa tena. Tereza anasema wengine walikasirika kweli, na wana haki, siwalaumu. Mimi nimeapa, kitu chochote kikinifikia mkononi nakipitisha kushoto haraka kabla sijakiangalia, hata kikapu cha sadaka juzi nilikipitisha mbio mpaka nikasahau kuweka sadaka, na mzee wa kanisa akanitazama vibaya. Na kitu kizuri nikikipata sikisubirishii watu. Nakifungua siku hiyohiyo, namwita aliye karibu, akikataa najua amekataa.

Ila Mzee Alvaro bado anapanda kilima kuleta suruali. Juzi kaleta moja ya kijivu, anasema mshono umeachia mahali fulani. Nimeigeuza ndani nje, nimeitazama kwenye mwanga, mshono wenyewe niliupiga mimi na uko imara. Nikamwambia kazi hii ni kubwa mzee, itachukua muda, kaa hapo kwenye benchi.